Mafuta ya Viazi Karai na Karatasi Isiyokubali Rangi

Yote yalianzia kwenye karatasi ya viazi karai. Ilikuwa Mfungo Sita, siku chache kabla ya Maulidi, nami nilikuwa barazani nikiandika mabango ya kitambaa ya madrasa ya mtaani kwetu, Langoni, mjini Lamu. Kando yangu palikuwa na bakuli la rangi ya buluu niliyoikoroga kwa maji, na kipande cha gazeti kilichobaki baada ya viazi kuliwa. Mwanangu alipita mbio, bakuli likapinduka. Nilinyakua kitambaa kwanza, maana kilikuwa cha watu na kilikuwa cheupe. Nilipogeuka, buluu ilikuwa imelienea gazeti lote isipokuwa pale viazi vilipokaa. Palikuwa na miduara minane au tisa, mingine imegusana, yote mikavu. Ndani yake maandishi yalisomeka vizuri, na ya ukurasa wa pili yakaonekana kwa mbali yamegeuka kinyume. Matone ya buluu yalisimama juu ya yale mafuta yakitetemeka, hayaingii.

Shangazi yangu alikuwa ameketi pale pale. Yeye ni mpakaji hina, na kwa zaidi ya miaka arobaini amewapaka maharusi wa mji huu, mama zao na sasa binti zao. Aliinama akaitazama ile karatasi, akasema, "Si hayo ninayowaambia kila siku? Mkono wenye mafuta haushiki hina."

Imepita miaka saba tangu siku ile, na kazi zangu zote za karatasi zimetoka ndani ya sentensi hiyo.

Aliyekulia kwenye nyumba ya hina anajua Shangazi alimaanisha nini. Mkono wa biharusi haupakwi hivi hivi. Unaoshwa kwa sabuni, unafutwa, unaachwa ukauke, na tangu hapo biharusi hashiki chochote chenye mafuta mpaka hina ikamilike na ipakwe maji ya ndimu na sukari ili isipukutike. Nilikuwa na miaka kumi au kumi na moja nilipoona sababu kwa macho yangu. Msichana mmoja wa upande wa bwana harusi aliingia jikoni, akala hamri moja ya moto, akarudi kupakwa bila kunawa. Asubuhi hina ilipobanduliwa, kiganja chake kilikuwa cha rangi ya damu ya mzee, kizuri kabisa, ila katikati na kwenye ncha za vidole vitatu palibaki ngozi tupu. Alilia sana. Mimi nilimwonea huruma, na papo hapo nikashindwa kuuacha ule mkono kwa macho. Hamri ilikuwa imeliwa tangu jana, na bado ilikuwa imeacha picha yake.

Kazi ninayoifanya huitwa kolaji, yaani picha inayojengwa kwa vipande vya karatasi vilivyokatwa na kubandikwa. Wengi wetu tuliwahi kuifanya shuleni, tukabandika maharagwe na vipande vya kalenda, kisha mwalimu akatuambia tusafishe madawati. Tofauti ni kwamba mimi siibandiki karatasi kama ilivyotoka kiwandani. Naibadilisha kwanza: naisugua, naiyeyusha wino, naipaka nta, naipitishia rangi. Na kila ninapoibadilisha kuna sehemu ninayoikinga isiguswe. Hiyo sehemu naiita kinga, kwa kuwa ndiyo kazi yake.

Karatasi zangu nyingi ni za majarida ya wageni. Binamu yangu hufanya usafi katika nyumba za wageni kule Shela, kijiji cha jirani, na wageni wakiondoka huacha vitabu, mafuta ya jua na majarida. Zamani hayo majarida yalichomwa. Sasa yanakuja kwangu kwa mashua, ndani ya mfuko wa sukari, mengi yamevimba kwa unyevu, mengine yamegandana kurasa. Siyatupi hata yaliyogandana. Ukibandua kurasa mbili zilizoshikana kwa unyevu, kila moja huondoka na ngozi kidogo ya mwenzake, na hapo tayari una karatasi ambayo hakuna mtu mwingine anayo.

Nasema ngozi kwa sababu jarida linalong'aa lina ngozi kweli. Gazeti la kawaida ni nyuzi za mti tu, wino huzama ndani yake na mafuta vilevile, ndiyo maana viazi karai viliacha alama. Karatasi ya jarida imepakwa juu tabaka la udongo mweupe laini sana, mara nyingi ule uitwao kaolini au chokaa iliyosagwa, na wino wa picha unakaa juu ya tabaka hilo bila kuzama sana. Kwa mtu wa Lamu hili halihitaji maelezo marefu. Ni kama nyumba zetu. Ukuta ni mawe ya matumbawe, yamekwaruza na yana matundu, na juu yake ndipo inapokuja lipu ya chokaa. Nakshi zote unazoziona kwenye zidaka, yale matabaka ya vidaka vya ukuta wa ndani, zimechongwa kwenye lipu ile. Jiwe haliguswi. Nilipolielewa hili nikaanza kuutazama ukurasa wa jarida kama ukuta: juu pana nakshi, nakshi iko kwenye lipu, na lipu inaweza kukwanguliwa.

Namna rahisi ya kukwangua ni msasa. Chukua ule laini wanaotumia mafundi wa milango kumalizia, upitishe kwa upole juu ya picha. Wino hutoka taratibu, na weupe wa ile kaolini huchomoza kama povu. Uso wa mtangazaji wa saa za bei kubwa huwa ukungu. Anga huwa na mikwaruzo kama ya mvua ya kusi inayokuja kutoka baharini. Hii naipenda kwa watoto wanaokuja kwangu Jumamosi, kwa kuwa haitumii dawa wala haina harufu.

Namna ya pili ndiyo iliyonipa shida na ndiyo inayonipa raha zaidi. Wasanii wa Marekani walizoea kupaka kurasa za National Geographic kwa dawa ya kusafishia jikoni iliyotengenezwa kwa mafuta ya maganda ya machungwa. Ndani ya ganda la chungwa mna kitu kiitwacho limonini. Sote tumekicheza tukiwa wadogo bila kukijua: ukiminya ganda karibu na mshumaa, vinaruka vimatone na moto unatoa cheche. Limonini huyeyusha mafuta, na wino wa jarida una mafuta ndani yake. Ukipaka ukurasa kwa brashi, ukafunga jarida, ukaliacha dakika ishirini hivi, ukifungua unakuta picha zimeachia, rangi zimetiririka, zimekusanyika, nyingine zimegawanyika kama mizizi au kama mikono ya mikoko ukiitazama maji yakiwa yamekupwa.

Nilijaribu kukamua maganda ya machungwa ya sokoni. Maganda ya machungwa ishirini yalinipa mafuta yasiyotosha kulowesha kiganja. Mwishowe binamu mwingine aliniletea kutoka Mombasa chupa ya dawa ya kuondolea grisi, iliyoandikwa kuwa imetokana na machungwa, na ile ndiyo ninayoitumia hadi leo kwa uchumi mkubwa.

Hapa nasimama kidogo, maana nimeshaulizwa na vijana wawili watatu wanaotaka kujaribu. Dawa hii inashika moto, kwa hiyo jiko la mkaa na udi viwe mbali. Usifanyie chumbani, mimi hufanyia juu kwenye dari, upepo ukivuma. Vaa glavu, kwa sababu ikikaa muda mrefu kwenye hewa limonini huwasha ngozi, na wengine huota vipele ambavyo hurudi kila wakiigusa tena. Na mabaki usiyamwage mtaroni. Mitaro yetu inaishia baharini, na maji yetu matamu yanatoka visimani chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mji usio na mto hauchezei maji. Mimi nafuta mabaki kwa vitambaa, naviacha vikauke nje juani mbali na moto, kisha naviweka pamoja na taka ngumu.

Sasa kinga.

Ya kwanza niliyojifunza baada ya mafuta ya viazi ilikuwa nta, kwa kuwa ndiyo inayojulikana. Ni kanuni ya batiki: chora kwa nta iliyoyeyuka, tia rangi, pale penye nta rangi haiingii, kisha nta itolewe. Watu wa Java waliifikisha kazi hiyo mahali pa juu mno, na mwaka 2009 UNESCO iliiingiza batiki ya Indonesia katika orodha ya urithi wa binadamu. Wanawake wa Kiyoruba kule Nigeria wanafanya vilevile kwa uji wa muhogo badala ya nta, wakachovya kitambaa kwenye nili. Hata kitenge chako cha kawaida kina historia hiyo. Ile mistari myembamba kama nyufa inayoonekana kwenye kitenge cha nta ni mahali ambapo kinga ilipasuka na rangi ikapenya. Mimi nimekipenda kitenge zaidi tangu nilipoambiwa kwamba zile nyufa zilikuwa kasoro, na kwamba wanunuzi wa Afrika ndio waliozitaka zibaki.

Kwenye karatasi nafanya hivi. Ukurasa unasuguliwa kwanza kwa msasa, vinginevyo rangi ya maji itateleza popote, penye nta na pasipo nta. Kisha nachora kwa kipande cha mshumaa wa kawaida, ule wa dukani ambao kila nyumba huuweka kwa siku umeme ukikatika. Mchoro hauonekani. Unachora kama kipofu, unaongozwa na mkono na kumbukumbu. Ukitaka nyufa, unaukunja ukurasa ukawa kama mpira, unaukunjua. Halafu rangi. Kwa kutoa nta naweka ukurasa katikati ya magazeti na kupitisha pasi. Nina pasi ya umeme, lakini kwa kazi hii natumia pasi ya makaa ya marehemu bibi yangu, kwa sababu ni nzito na joto lake linashuka polepole. Gazeti la juu linaanza kupata mabaka meusi, nta inapanda, na harufu yake inaijaza nyumba nzima. Inapanda mara ya kwanza, unabadilisha gazeti, inapanda mara ya pili, na mara ya tatu huwa kidogo sana. Hapo unainua, na mchoro ulioufanya bila kuuona uko mbele yako.

Rangi ninayoipenda zaidi chini ya nta sikuinunua kwenye duka la wachoraji. Ni manjano, hii bizari ya mchuzi. Nakoroga kwa maji ya moto na spiriti kidogo, nachuja kwa kitambaa, napaka ukurasa wote hadi uwe wa njano kama embe. Kisha nachukua chokaa, ile ile wanayoiweka kwenye tambuu, naizimua kwa maji, nachovya brashi safi. Brashi inapopita juu ya manjano, mstari unageuka mwekundu papo hapo. Hujatia wekundu wowote. Mara ya kwanza nilipoifanya mbele ya Shangazi aliguna tu, akasema ajuza wa zamani waliokula tambuu walikuwa na hiyo rangi mdomoni tangu alfajiri. Tambuu hupata wekundu wake kwa chokaa na popoo, na manjano hayamo, lakini nilielewa alichokiona: chokaa ndiyo inayoiamsha rangi. Ubaya wake ni kwamba manjano hayavumilii jua. Ukurasa niliouacha dirishani kaskazi moja nzima ulifika mfungo uliofuata ukiwa umepauka, umebaki na rangi ya chai ya maziwa. Picha zenye manjano nazitundika ukuta wa ndani, kule ambako zidaka zimejificha na jua halifiki.

Gundi napika mwenyewe kwa unga wa ngano. Duka lina gundi nyeupe ya maseremala na ni nzuri, lakini uji wa unga unaniruhusu kusogeza kipande kwa muda mrefu kabla hakijashika. Hewa yetu ya chumvi na unyevu huuchachusha uji huo kwa siku mbili, na ukungu ukishaingia kwenye picha hautoki. Nimepoteza picha tatu kwa ukungu, moja ilikuwa ya miezi minne. Siku hizi natia matone ya mafuta ya karafuu kwenye uji ungali vuguvugu, na tangu hapo sijapoteza nyingine.

Watu wakiniuliza mambo haya nimeyatoa wapi, hudhani kolaji ni kitu cha mbali. Inasemwa kwamba ilianza kuingia kwenye sanaa ya Ulaya mwaka 1912, Ufaransa, wakati Picasso na Braque walipoanza kubandika vitu juu ya picha zao. Sawa. Lakini tazama Picasso alibandika nini. Alichukua kipande cha kitambaa cha plastiki cha zama zile, kitambaa kilichopakwa mafuta na kuchapishwa mfumo wa kiti kilichosukwa, akakiweka ndani ya picha, akaizungushia picha nzima kamba. Kiti cha kusuka na kamba. Nilipoiona picha hiyo nilikumbuka kiti cha enzi kilichoko Makumbusho ya Lamu, mpingo na pembe, na mgongo wake umesukwa kwa nyuzi. Sisemi alikijua. Nasema kwamba mtoto wa Lamu akisimama mbele ya picha ile, hakuna haja ya mtu kumfasiria kitu.

Na mtu akitaka mfano wa nyumbani, yupo Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972. Alijulikana duniani kwa miili ya wanawake aliyoijenga kwa vipande vya majarida: midomo ya majarida ya mitindo, vyuma vya pikipiki, ngozi za wanyama. Mwaka 2019 sanamu zake nne za shaba ziliwekwa mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, kwenye vidaka vinne vya ukuta vilivyokaa vitupu tangu mwaka 1902. Vidaka! Nilisoma habari ile mara mbili. Miaka mia moja na kumi na saba ukuta umeandaliwa na hakuna aliyewekwa ndani yake, akaja mwanamke wa Kenya.

Kuna karatasi nisizozigusa. Chochote chenye jina la Mwenyezi Mungu hakikatwi, hakiyeyushwi, hakifungiwi viazi. Tumelelewa hivyo, ukiona karatasi kama hiyo njiani unaiokota na kuiweka pahali pa juu. Siyu, ng'ambo ya pili kwenye kisiwa cha Pate, palikuwa na waandishi walionakili misahafu kwa mkono kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, na adabu ya karatasi katika visiwa hivi inatoka mbali kuliko majarida. Hili halinipunguzii kitu. Linanifanya niangalie kila ukurasa pande zote mbili kabla ya kushika mkasi, na nimegundua kwamba kuangalia pande zote mbili ni nusu ya kazi.

Karatasi ninazozitafuta zaidi ni zile zenye Lamu yenyewe. Zipo, na ni nyingi. Mji wetu uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, na majarida ya safari yameshaupiga picha kila upembe. Nimezisoma picha hizo kwa miaka na sasa naweza kukutajia kilichomo kabla sijafungua ukurasa: mlango wa nakshi, punda, jahazi lenye tanga, kitanda chenye chandarua, mgeni amevaa kikoi. Watu wa mji wamo, lakini wamo nyuma. Kamera haikuwalenga wao, ni wadogo, mara nyingi wana ukungu, wamebeba kitu. Maelezo ya picha hayawataji. Hili huniuma, na nalisema wazi. Hamali anayebeba boriti za mikoko mgongoni tangu alfajiri amewekwa kwenye picha ili jahazi lionekane kubwa.

Ndipo nikapata wazo la kugeuza picha. Niwakinge wao, kisha yaliyobaki yayeyuke.

Picha ya kwanza niliyoichagua ilikuwa ya kurasa mbili, ya gatini, maji yakiwa yamejaa. Mbele kabisa palikuwa na mgeni kwenye kiti, na kinywaji. Nyuma yake, kwa ukubwa wa punje ya mchele hadi punje ya kunde, palikuwa na watu kumi na mmoja. Nikachukua mshumaa, nikauchonga kama penseli, nikakaa saa nzima na kioo cha kukuzia nikiwafunika mmoja mmoja kwa nta. Nikapaka dawa ya machungwa. Nikafunga. Nilipofungua walikuwa wamekwenda wote. Hao ndio waliotangulia, kabla ya mgeni, kabla ya kiti.

Niliiacha kazi siku kadhaa. Nilikuwa nimefanya kila kitu kwa uangalifu na sikujua kosa liko wapi. Jibu lilikuwa kwenye nyayo za mwanangu, aliporudi ufuoni kwa mafundi wa mashua na lami imemganda kisiginoni. Lami hatuitoi kwa maji. Tunapaka mafuta ya kupikia, inalainika, tunaifuta. Mafuta huyeyusha mafuta. Nta ni ndugu wa lami, na limonini ni mafuta. Nilikuwa nimewaficha watu wangu nyuma ya ukuta ambao adui anaula kwanza. Nta inazuia maji tu. Cha kuzuia mafuta ni kitu kinachopatana na maji, na kitu hicho kilikuwa kwenye sufuria ya gundi jikoni kwangu.

Basi kinga yangu ya dawa ya machungwa ni uji wa unga, mzito kidogo kuliko wa gundi. Naupaka kwa kijiti cha hina cha Shangazi, kile kile chembamba, kwa kuwa hakuna brashi iliyo na ncha kama ile. Unaachwa ukauke hadi uwe mweupe na mgumu. Dawa inapita juu yake haiingii. Rangi za pembeni zinavunjika, bahari inamwagika kwenye ukuta wa ngome, mgeni na kinywaji chake wanageuka doa la samawati na hudhurungi, na katikati ya yote hayo vile vidoa vyeupe vya unga vimesimama. Ukurasa ukishakauka, nachukua pamba yenye maji kidogo sana, naiweka juu ya kila kidoa, nasubiri uji ulainike, naufuta bila kusugua. Na pale chini anatokea mtu, mzima, na kivuli chake.

Nakala nyingine ya picha ile ile ya gatini niliipata mwaka jana, kwenye mfuko wa sukari kama kawaida. Safari hii nilitumia unga. Shangazi macho yamepungua nguvu, hapaki tena usiku, lakini alitaka kuwepo wakati wa kufuta. Nikamwekea taa karibu na kioo cha kukuzia. "Njoo, mwanangu, nipe na mimi hiyo pamba," akasema, na watu watano wa mwisho aliwafuta yeye, kwa mkono ule ule wa hina, mwepesi, wala haukutetemeka. Hamali wawili na boriti. Mzee wa kofia. Kijana ameshika kamba ya punda. Punda sikumfunika, amekwenda, kamba inaishia hewani.

Wa mwisho alikuwa mwanamke wa buibui amesimama pembeni, karibu na ngazi za kuteremkia majini. Shangazi alimaliza kumfuta, akamsogeza chini ya taa, akamtazama muda mrefu.

"Mkono huu umeshika nini?" akaniuliza.

Nikaangalia. Mkono wa kushoto wa yule mwanamke ulikuwa umeshuka na kunyooshwa upande, vidole vimekunjika. Mbele ya vidole hapakuwa na kitu ila mchirizi wa rangi ya kahawia na nyeupe, na chini kabisa, pale uji wangu ulipomwagikia kidogo bila kukusudia, ndara moja ndogo ya buluu.

Nilikuwa nimehesabu kumi na mmoja. Walikuwa kumi na wawili.

Shangazi hakusema neno. Aliweka pamba kwenye kisahani, akafuta vidole, akaniambia nifunge dirisha, upepo wa kusi ulikuwa umeanza kuingia na karatasi ilikuwa bado mbichi.

Picha hiyo sijaiuza ingawa imetakwa mara mbili. Binamu yangu anajua kwamba akiliona tena jarida lile kule Shela, hata likiwa limelowa, hata likiwa na ukurasa mmoja tu wa upande ule, aniletee. Mpaka hapo mkono uko pale ukutani, umeshuka, kimo cha mtoto wa miaka mitatu.